Maji Yaliyomo Ndani ya Mrututu

Jilala alifika chuoni asubuhi ile ile ambayo binti yake alikuwa ameipangia jaribio, na hakuna aliyekuwa amemwita.

Scolastika alimwona kupitia dirisha, akiwa bado anafuta vumbi kwenye kioo cha mizani. Kwanza aliona fimbo, kisha shuka la kaniki lililofungwa begani, kisha mwendo. Jilala alitembea siku zote kama mtu anayeswaga ng'ombe, hata pale ambapo hapakuwa na ng'ombe. Mwaka ulikuwa umepita, na ushee, bila wao wawili kuonana.

Alitoka na koti lake jeupe la maabara, akapiga magoti kwenye changarawe mbele ya baba yake.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, Limi."

Wasichana waliokuwa wakichota maji bombani wakatua ndoo zao chini, wakatazama. Hawakujua kwamba mwalimu wao ana jina jingine. Pale chuoni alikuwa Mwalimu Scolastika, aliyesomea Uganda, mkali wa hesabu, asiyependa mtu anayefuta ubao kwa kiganja. Limi, yaani jua, lilikuwa jina la nyumbani. Bibi yake ndiye aliyempa, kwa kuwa alizaliwa saa za adhuhuri katikati ya kiangazi.

"Mama hajambo?" aliuliza, akiinuka na kukung'uta magoti.

"Mama yako hajambo. Ng'ombe ndio wenye vidonda. Nimetoka mjini kwa bwana mifugo, amenipa dawa. Nikaona nikupitie."

Alisema "nikupitie" kama vile chuo kilikuwa njiani. Nyumbani kwao kulikuwa upande wa Tinde, na chuo kilikuwa upande mwingine kabisa wa mji wa Shinyanga, kwenye barabara ya Mwanza. Mtu wa Tinde hakipitii chuo kile ila ameamua kukifuata. Scolastika alilijua hilo, na Jilala alijua kwamba analijua.

"Nina maneno," mzee akasema.

"Nina darasa sasa hivi, baba. Siwezi kuliacha."

"Sikuja kukuvunjia kazi. Nitakaa."

Scolastika akaenda kumwomba ruhusa Sista Mkuu, kisha akamwingiza baba yake maabara na kumkalisha kwenye benchi la nyuma, karibu na dirisha. Jilala aliiweka fimbo katikati ya magoti, akavua makubazi yake ya mpira wa tairi na kuyapanga chini ya benchi, kama anavyofanya mtu anayeingia nyumba ya watu.

Huo ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na sita. Chuo kilikuwa kidogo, cha misheni, kikiwafundisha wasichana kazi ya ualimu, na maabara yenyewe ilikuwa darasa la kawaida lililoongezewa meza tatu ndefu na kabati moja. Mizani ya sahani mbili, iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha kioo, ilitoka kwenye mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita. Mgodi uliponunua mpya, ile ya zamani ukaipa misheni. Scolastika aliitunza kuliko saa yake ya mkononi. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa, wala kucheka karibu nayo mlango wake ukiwa wazi.

Mtu aliyemfikisha kwenye mizani hiyo alikuwa ni huyo aliyeketi nyuma. Limi alipokuwa mdogo, ndugu wa Jilala walimwambia kumsomesha mtoto wa kike ni kumwagilia shamba la jirani. Jilala hakubishana nao. Aliondoka alfajiri, akamshika mkono mtoto wake, akampeleka misheni, akarudi jioni kukamua ng'ombe kama kawaida. Kaka yake mkubwa alipomjia juu, Jilala alijibu tu kwamba mtoto amekwisha kuandikishwa, na karani ameandika kwa wino.

Kwa hiyo waligombana watu waliopendana, na ugomvi wa watu wa namna hiyo ndio unaochelewa kuisha. Mwanzoni mwa mwaka uliopita, Scolastika akiwa nyumbani kwa likizo, walikuja wageni. Walitumwa na wazazi wa kijana aliyeitwa Pantaleo, karani wa stoo huko Geita, mtu mwenye kazi na heshima zake. Scolastika alikuwa akiwanawisha wageni mikono ndipo akasikia, katikati ya maongezi, kwamba neno limekwisha kukubaliwa na imebaki kupanga siku ya harusi. Aliweka birika chini. Akasema, bila kupaza sauti, "Mimi sijaulizwa."

Wageni waliondoka kwa adabu. Kesho yake binti alipanda lori la kwanza kurudi chuoni pasipo kuaga, na tangu siku hiyo kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aanze.

Sasa mmoja alikuwa ameanza, na amekaa benchi la nyuma na miguu mitupu, na Scolastika alitakiwa kufundisha.

Sheria ya chuo ilikuwa kufundisha sayansi kwa Kiingereza. Siku ile alifundisha kwa Kiswahili, na wasichana wakaelewa ni kwa ajili ya nani.

"Dukani kwa Mama Mwamvua mayai yanauzwaje?"

"Kwa dazani," darasa likajibu.

"Na kanga, akiagiza kutoka Tabora?"

"Kwa korija, ishirini ishirini."

"Vizuri. Dazani ya mayai na dazani ya maboga, ipi nzito?"

Wakacheka. "Ya maboga."

"Na ipi yenye vitu vingi?"

Ghati, msichana wa kutoka Mara aliyezoea kujibu kabla swali halijaisha, alifumbua mdomo, kisha akaufumba. Paskazia, aliyekaa pembeni yake, ndiye aliyesema, "Ziko sawa. Kumi na mbili kwa kumi na mbili."

"Ziko sawa. Sasa, moli ni namna ya dazani. Ni idadi tu. Lakini chembe za vitu ni ndogo mno, hivyo dazani yake imekuwa kubwa mno. Andikeni sita, kisha mfuatishe sifuri ishirini na tatu."

Walipoandika, wengine walifika ukingo wa karatasi.

"Mwalimu, nani alizihesabu?" Ghati aliuliza.

"Hakuna anayeweza kuzihesabu moja moja. Ndiyo maana tuna mizani. Moli moja ya maji ina uzito wa gramu kumi na nane. Moli moja ya mrututu uliokaushwa ina gramu mia moja na sitini. Pima ulicho nacho, gawanya kwa uzito wa moli moja, utajua una moli ngapi. Umehesabu bila kuhesabu."

Nyuma, Jilala alikohoa. Scolastika hakujua kama ni kikohozi cha vumbi au cha kitu kingine.

Akachukua kabatini chupa ya mrututu, ule unga wa bluu ambao watu wengi waliokuwa mle ndani, akiwemo mzee, waliujua kama dawa ya vidonda. Akaeleza kwamba ukiushika hauloweshi mkono, lakini ndani yake yamo maji, yamejishikiza. Ukiupasha moto maji yanatoka. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kujua, kwa kila chembe moja ya mrututu, zipo chembe ngapi za maji.

Wasichana walijigawa meza tatu. Meza ya kwanza aliiongoza Paskazia, ya pili Ghati, ya tatu Serafina, msichana mpole aliyeogopa moto lakini hakutaka mtu ajue. Kila meza ilipima kikombe cha kauri kitupu, ikatia gramu tano za mrututu, ikawasha taa ya spiriti. Unga ulianza kupauka pembeni, ukapauka katikati, mwisho ukawa mweupe kama unga wa muhogo. Wakaacha vikombe vipoe chini ya kifuniko, wakapima. Wakavirudisha motoni kidogo, wakapima tena, mpaka uzito ukaacha kupungua, kama walivyofundishwa.

Paskazia ndiye aliyetangulia ubaoni. Mrututu uliobaki ulikuwa gramu 3.8, na maji yaliyotoka gramu 1.2. Akagawanya. Mrututu, moli 0.024. Maji, moli 0.067. Akagawanya ya pili kwa ya kwanza, akapata pungufu kidogo ya tatu.

Meza ya Ghati ilipata karibu na tatu. Meza ya Serafina vilevile.

Wasichana wakatazamana. Wale waliozoea kusoma kitabu kumtangulia mwalimu walijua kwamba jibu linalotakiwa ni tano.

Scolastika akasogea ubaoni, akazisoma hesabu zote tatu. Kama meza moja ingekosea, angesema ni mkono wa mtu. Lakini meza zote tatu zilikosea kwa kiasi kile kile. Akaagiza vikombe virudi motoni, akaongeza utambi mwenyewe. Wakapima. Uzito haukusogea. Akaikagua mizani, akabadilisha mawe ya kupimia kutoka sahani moja kwenda nyingine. Mizani ilikuwa nzima.

"Mwalimu," Ghati akasema kwa sauti ya kumsaidia mtu, "si tuandike tano tu? Kwenye mtihani watataka tano."

"Kwenye mtihani utaandika tano, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Leo andika ulichopima."

"Sasa kwa nini siyo tano?"

Scolastika alisimama na chaki mkononi. Alijua bila kugeuka kwamba baba yake anamtazama, na alijua pia baba yake ni mtu wa aina gani. Kwao, mtu mzima hakiri mbele ya watoto kwamba jambo limemshinda. Huwatuma kuchota maji, akapata nafasi ya kufikiri.

"Sijui bado," akasema.

Kengele ya uji ikalia.

Walikaa kwenye kivuli cha jiko, baba na binti, kila mmoja na bakuli la uji wa uwele. Jilala alikunywa wake mpaka nusu ndipo akaanza.

"Watu wa Pantaleo wamerudi."

Scolastika alimgeukia.

"Kaka yangu amewaambia waje tena mwezi ujao. Anasema nikufuate nikurudishe nyumbani. Anasema msichana akikaa sana na vitabu..." Hakumalizia. Akapuliza uji ambao ulikuwa umekwisha kupoa.

"Na wewe, baba, unasemaje?"

"Mimi nimekuja."

Jibu lile lilikuwa na maana nyingi, na Scolastika hakujua ashike ipi. Alitaka kumwambia kwamba amemkumbuka, kwamba hapajapita juma moja bila kulifikiria lile lori alilopanda pasipo kuaga. Badala yake alimwuliza kama uji una sukari ya kutosha. Jilala akasema inatosha.

Mzee aliingiza mkono kwenye mfuko wake wa ngozi kutafuta ugoro. Mfuko ulikuwa na vitu vingi. Alitoa kamba, akatoa kisu, akatoa kifurushi cha karatasi na kukiweka juu ya goti ili apate kufika chini. Karatasi ilifunguka upande mmoja. Ndani mlikuwa na mawe madogo ya mrututu, yenye kingo kali, na bluu yake ilikuwa nzito hata kivulini.

Scolastika aliacha kunywa. Akayatazama yale mawe kwa kitambo. Akaifikiria ile chupa ya kabatini: namna ilivyokuwa rafu ya juu kabisa, chini ya bati, kiangazi chote, namna kizibo chake kilivyopasuka na yeye akasema atakibadilisha. Unga ule ulikuwa na weupe weupe tangu mwanzo. Yeye alidhani ni kwa sababu ameusaga mwenyewe, maana chochote cha rangi kikisagwa hupauka. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha kuanza kutoka taratibu, miezi yote hiyo, kabla hajawasha taa yoyote.

"Baba, naomba huo mrututu."

"Ni dawa ya ng'ombe."

"Kidogo tu. Kiasi cha kijiko."

"Utauchoma."

"Nitauchoma, lakini hautapotea. Ukishakuwa mweupe nitautia maji, utarudi bluu, utaondoka nao."

Jilala akaweka bakuli chini. "Limi. Nimekuja kukueleza habari za mume, wewe unaniomba dawa ya ng'ombe."

Lakini alikuwa tayari anaifungua karatasi, akichagua kwa kucha mawe yaliyo mazuri.

Waliporudi maabara, safari hii Jilala hakukubali kukaa nyuma. Alivuta kigoda mpaka meza ya Paskazia, akakaa usawa wa taa, macho yake kwenye kikombe kama mtu anayelinda maziwa yasifurike. Scolastika aliyavunja mawe, akapima gramu tano, akawasha moto. Bluu ilipoanza kuondoka alichukua kipande cha kioo baridi, akakishika kwa koleo juu ya kikombe. Kioo kikafanya ukungu, ukungu ukafanya matone. Akamgeuzia baba yake.

Jilala aligusa tone kwa kidole, akalionja kwenye ncha ya ulimi kabla hajazuiwa.

"Maji," akasema.

"Maji, baba."

"Haya yalikuwa humu? Kwenye jiwe kavu?"

"Yalikuwa humo."

Aliwageukia wasichana, akawauliza kwa Kiswahili chake cha mnadani kama na wao wameyaona, nao wakamhakikishia kwamba wameyaona.

Walipima, wakapasha, wakapima. Paskazia alitoa uzito wa kikombe, akaandika ubaoni polepole kwa sababu safari hii kila mtu alikuwa anafuata chaki yake. Mrututu mweupe, gramu 3.2. Maji, gramu 1.8. Gramu 3.2 ukigawanya kwa 160, moli 0.02. Gramu 1.8 ukigawanya kwa 18, moli 0.1. Alisimama kidogo. Moli 0.1 ukigawanya kwa 0.02.

"Tano," akasema, na darasa zima likashusha pumzi.

Scolastika akawaeleza habari ya chupa na kizibo. Hakujificha. Aliwaambia ni kazi yake kuangalia vizibo na hakuangalia. Akaiinua ile chupa sambamba na jiwe moja la baba yake, wakaona wenyewe tofauti ambayo asubuhi hawakuwa na cha kuilinganisha nayo. Kila chembe ya mrututu ilianza na maji matano; hewa kavu ya kiangazi ikayachukua mawili; meza tatu zikapima yale matatu yaliyobaki, na zikapima vizuri.

"Kwa hiyo tatu ilikuwa kweli," Ghati akasema, kama mtu aliyeonewa.

"Kwa chupa ile, ilikuwa kweli. Kama tungefuta tukaandika tano, tusingejua chupa imeharibika. Mwaka ujao wengine wangeitumia."

Jilala alisimama na kushikilia fimbo yake. Wasichana wakasimama pia, wakidhani anaaga.

"Mimi nina swali," akasema. "Mwalimu amesema hamkuhesabu."

"Ndiyo, baba. Tumepima."

"Mimi jioni ng'ombe wakiingia zizini, siwahesabu. Kwetu hatupendi kuwanyooshea ng'ombe vidole. Nasimama mlangoni, natazama, na asipokuwepo mmoja najua ni yupi. Watu wa serikali wa kuhesabu mifugo hawataki kuniamini."

Serafina, ambaye siku nzima hakuwa amesema kitu, aliuliza, "Sasa unajuaje, baba?"

"Nimewazoea." Akafikiri kidogo. "Na nyinyi mtaizoea mizani yenu. Sasa, naomba dawa yangu."

Walicheka sana, na yeye akacheka pia, ingawa alikuwa hatanii. Scolastika alidondosha maji kwenye ule unga mweupe, tone baada ya tone. Ukatoa mlio mdogo, kikombe kikapata moto bila taa, na bluu ikarudi ikienea kutoka katikati. Alikiweka kikombe kwenye viganja vya baba yake ili asikie lile joto. Jilala alikishika kwa mikono miwili, na hakukirudisha upesi.

Alimsindikiza mpaka barabarani. Ilikuwa alasiri, na upepo wa kiangazi ulikuwa unasomba majani ya mitunguru ya kando ya njia. Walitembea mpaka wakalipita geti la misheni.

"Ulijua kwamba inatakiwa tano," Jilala akasema.

"Nilijua."

"Mbele ya watoto wako wote, na mimi nimekaa pale nyuma. Ungeandika tano, tungekunywa uji, yangeisha."

"Hawa watakuwa walimu, baba. Wangekwenda kufundisha hivyo hivyo."

Mzee aligonga jiwe kwa fimbo, likabiringika mbele yao. Alilifuata kwa macho.

"Siku ile ya wageni ulisema hujaulizwa."

"Nilisema. Nisamehe kwa kusema mbele yao, baba. Ningengoja waondoke."

"Nilikasirika. Mama yako akaniambia, umemkasirikia mtoto kwa sababu amesema uongo? Nikamkasirikia na mama yako." Alitabasamu kidogo, upande mmoja. "Nimekaa na jambo hilo mwaka mzima, Limi. Kaka yangu anadhani amenituma. Hakunituma. Nilikuwa natafuta sababu ya kuja, ng'ombe wakaniletea vidonda."

Scolastika alimshika baba yake mkono, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku ile alipopelekwa misheni, na mzee akauacha mkono wake ushikwe, barabarani, watu wakipita.

"Sasa nakuuliza," Jilala akasema. "Huyu Pantaleo, unamtaka?"

"Simtaki, baba. Si mtu mbaya. Ila simjui."

"Basi nimekuuliza."

"Na baba mkubwa, utamwambia nini?"

"Kaka yangu ana binti zake."

Lori la pamba lilitokea mbali, vumbi likiwa limelitangulia. Dereva alikuwa na nafasi juu ya marobota. Jilala alitupa fimbo yake juu kwanza, akapanda kwa wepesi uliomshangaza utingo, akajitafutia bonde la kukalia katikati yake. Lori lilipoondoka aliinamia upande wa Scolastika na kusema jambo, lakini injini ililimeza. Scolastika alipunga mkono mpaka vumbi likatua.

Desemba alikwenda nyumbani. Mvua zilikuwa zimeanza, na barabara ya Tinde ilikuwa na matope kiasi kwamba nusu ya safari abiria walisukuma gari. Alifika ameloa mpaka magotini. Mama yake alimvua kanga yenye matope, akamfunga nyingine kavu, akamkalisha jikoni penye moto na kumwekea michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa pamoja na karanga, chakula ambacho Uganda nzima alikuwa amekitafuta bila kukipata.

Habari zilikuwa nyingi. Baba mkubwa alinuna kwa muda, halafu akasahau kununa, kwa sababu yeye ndiye aliyehitaji watu wa kumsaidia kulima. Pantaleo alikuwa amechumbia muuguzi huko huko Geita, na wazazi wake walituma salamu njema, bila kinyongo. Ng'ombe walikuwa wamepona, isipokuwa mmoja.

"Na baba?" Scolastika aliuliza. "Alisema nini aliporudi siku ile?"

Mama yake alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kidogo, akaupuliza, akaweka ungo chini.

"Alirudi usingizi umemjaa, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwuliza, umemwona mtoto? Akasema, nimemwona. Nikamwuliza, hajambo? Akasema, hajambo. Nikamwuliza, anarudi? Akaniambia, mwanamke, acha kuniuliza, yule ana kazi." Akachukua ungo tena. "Kisha akakaa hapo hapo ulipokaa wewe, akaanza kunieleza hiyo kazi. Mpaka ugali ukaungua."

Nje mvua iliongezeka. Walimsikia Jilala akija kutoka zizini, akikung'uta matope mlangoni na kuuliza kwa sauti kubwa ni nani mwenye viatu hivi vya mjini.

"Ni mgeni wako," mama alijibu. "Ingia ule, chakula kinapoa."

Scolastika akasogea kwenye kigoda, akampa baba yake nafasi karibu na moto.